Jiwe la Kupokezana

Kaanaeli alitumwa maji ya chai tu. Giza lilikuwa linaanza kushuka kijijini Ngujini, na mwanawe Eliwaza, ambaye hata "mama" alikuwa hajaweza kutamka, alikuwa amelala mgongoni. Nyumbani kwa bibi yao, binamu zake waliopanda mlima kuja kula Krismasi walikuwa wamebishania mchezo wa jioni. Anderson alitaka karata. Jenifer alitaka kuigiza bila kusema. Kaanaeli akawashinda wote kwa mdomo: wataunga hadithi. Kila mtu sentensi moja, aanze na "halafu", na mwenye zamu ashike jiwe.

Jiwe ndilo lililokosekana. Akaliona ukingoni mwa msitu wa ukoo, jeusi, laini, limefunika chungu kilichopasuka. Kila mtoto wa Ngujini anajua kwamba humo, yalimohifadhiwa mafuvu ya wazee vyunguni, hazitolewi hata kuni kavu. Yeye pia alijua. Lakini ukingoni si ndani, alijiambia, akalifunga kwenye pindo la kanga. Ubishi wa mtu anayetaka kitu!

Walipoketi mkekani, umeme ukakatika. Wakacheka, wakaanza hivyohivyo gizani.

"Palikuwa na mama mmoja," alisema Anderson, akampa Jenifer jiwe.

"Halafu akaenda msituni na mtoto mgongoni," Jenifer akamchokoza Kaanaeli, akampa jiwe.

"Halafu akaokota kitu kizuri," alisema Kaanaeli, akanyoosha mkono kumpa anayefuata.

Jiwe likapokelewa.

Kushoto kwake. Pasipokuwa na mtu.

Vidole vilikuwa vya baridi. Harufu ya udongo mbichi ikajaa sebuleni.

"Halafu mwenyewe akaja kuchukua cha kwake..." ilisema sauti ya mzee, kavu, taratibu. "Na cha mama."

"Anderson, acha utani," Jenifer alinong'ona.

"Siyo mimi. Mimi niko huku mlangoni."

Jiwe likarudi kiganjani mwa Kaanaeli. Mgongoni, Eliwaza akawa mzito. Hakusikika akipumua.

"Jiwe umelitoa wapi, mjukuu wangu?" Ilikuwa sauti ya Bibi Esta, kutoka jikoni.

"Ukingoni, bibi..."

"Usiiache hadithi hapo. Imalize. Zamu ni yako."

"Halafu," alisema Kaanaeli, "mama akalirudisha palepale. Na mtoto... mtoto akabaki wa mama yake."

Akatoka mbio na mwanawe mgongoni. Alipoliweka jiwe juu ya chungu, Eliwaza akavuta pumzi, akalia. Kaanaeli naye akalia, kwa furaha.

Bibi Esta alisema yameisha. Ila hakumtazama Kaanaeli usoni.

Pasaka ilipofika, Eliwaza akaanza kusema. Hakuanza na "mama". Giza likiingia huketi mkekani, hugeukia kushoto kwake, pasipo na mtu, akapokea kitu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtoto anavyofundishwa kupokea cha mkubwa. Kisha humnyooshea mama yake kiganja kitupu.

"Halafu?"