Vyura wa Dimbwi Moja

Kila jioni, mama akishamaliza kupulizia kabichi dawa ya wadudu, Chiriku aliosha bomba la kupulizia. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa kupenda kupiga domo. Sheria ilikuwa moja: maji ya kuoshea yamwagwe kwenye shimo lililochimbwa mwisho wa shamba. Lakini shimo lilikuwa mbali, dimbwi lilikuwa hapo hapo, na siku hiyo Chiriku alikuwa amechoka hoi. Akaosha bomba dimbwini, akarudi nyumbani anaimba. Uvivu nao una raha zake, ila hazidumu.

Sasa, lile halikuwa dimbwi la hivi hivi. Humo waliishi vyura wadogo, wanene, wenye vinywa vyembamba, ambao mtafiti aliyepanga chumba nyumbani kwa akina Chiriku alisema hajawaona mahali pengine popote. Mjomba wa Chiriku alimcheka sana: msomi mzima anachuchumaa matopeni kumsalimia chura! Mtafiti hakukasirika. Alisema tu kwamba hawa wakifa, basi, hakuna pa kwenda kuomba wengine.

Asubuhi iliyofuata vyura walikuwa wanaelea, matumbo juu. Mtafiti alisimama ukingoni akilia waziwazi kama aliyefiwa. Akamuuliza mama kuhusu dawa. Mama akaapa kwamba bintiye huosha bomba shimoni, tena ni mtoto wa kuaminika. Chiriku, ambaye siku zote ana la kusema, akajisogeza nyuma ya mama.

Mara akaja jirani yao mfinyanzi na ndoo, mwanawe mdogo nyuma akiwa na kikombe. Maji yao ya kunywa walizoea kuchota humo humo, hatua chache kutoka hapo, penye nyasi. Mtoto akainama, akachota.

Chiriku alimrukia, akakipiga kikombe kikaanguka.

"Asinywe. Niliosha bomba humu," alisema. "Ni mimi, jana."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Mfinyanzi alimkumbatia mwanawe, kisha akaenda kuwaonya majirani. Mtafiti na Chiriku walipekua nyasi za ukingoni mpaka jua likawa kali. Vyura waliokuwa hai waliwekwa kwenye beseni la maji safi, na walikuwa wachache mno, hata kitako cha beseni hawakukifunika.

Mama alichuchumaa kando ya bintiye.

"Ukweli wako umemwahi mtoto, mwanangu, lakini vyura haukuwawahi. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Kesho yake huenda usimkute wa kumwomba radhi."