Nyumba ya Njano ya Uummannaq

Mvua ya Agosti ilikuwa ikiipiga Uummannaq, mji wetu wa kisiwani kaskazini kwenye barafu, tangu alfajiri, mvua nyembamba ya ubavuni, ile inayoingia shingoni bila hodi. Meli ya watalii ilikuwa imetia nanga nje ya bandari, na wageni mia tatu walioshushwa kwa vimashua walikuwa wamekimbilia mahali pamoja penye paa na joto: dukani. Walijazana kati ya rafu za maziwa na rafu za bunduki, wakichuruzika maji.

Enok alikuwa kwenye foleni, makopo manne ya krimu kifuani, simu sikioni, ovaroli ikinuka dizeli. Kazi yake ilikuwa kutengeneza injini za boti.

"Dada, krimu nimepata. Nini tena?"

"Kahawa, pakiti tatu," alijibu Bolette. "Na uoge. Usije kwenye sherehe ya mwanangu ukinuka kama injini."

"Injini ndizo zinazonilisha."

"Leo nakulisha mimi. Oga."

Ilikuwa siku ya kwanza ya shule. Kila nyumba yenye mtoto wa darasa la kwanza ilikuwa imefungua mlango: unaingia, unakunywa kahawa, unakula keki, unampisha mwingine.

Enok alipogeuka kuifuata kahawa, akamgonga mwanamke aliyevaa koti jekundu la meli. Makopo yakabingirika. Wakainama pamoja kuyaokota, na hapo akaliona lile kovu dogo la kidevuni, la kuanguka kwenye sleji ya kuvutwa na mbwa utotoni. Nywele alikuwa amezikata hadi masikioni. Zilimpendeza, na hilo lilimuudhi Enok.

"Mgeni," akasema. "Karibu Uummannaq. Miavuli hatuuzi."

"Najua. Nimemwambia huyu mzee mara tatu kwamba upepo wa hapa unakula miavuli." Inaluk alimwonyesha kwa kidevu mtalii aliyekuwa akipekua rafu. "Na mgeni ni nani? Mimi nimezaliwa mlango wa tatu kutoka hapa."

"Waliozaliwa hapa huja kwa miguu yao. Hawashushwi na ratiba."

"Na waliolelewa vizuri husalimia kwanza."

"Hujambo, Inaluk."

"Sijambo. Umekonda, Enok."

"Wewe umenenepa. Meli inakulisha."

"Inanilisha. Na haininunii."

Enok alitaka kucheka, akajizuia. Miaka mitatu walikuwa wapenzi, kisha Inaluk akapata kazi ya kuongoza wageni melini. Septemba iliyopita, akiwa amesimama juu ya msingi wa nyumba, misumari mfukoni, Enok alimpigia simu na kumuuliza swali kubwa kuliko yote aliyowahi kumuuliza mtu.

"Mpenzi, nimeanza kujenga nyumba. Utakuja tuishi?"

Kimya. Akasikia pumzi yake, akasikia upepo wa bandari ya mbali. "Inaluk?" Mtandao ukakatika.

Hakupiga tena. Kwake, kimya kilikuwa jibu, na mwanamume anayejiheshimu hafuati nyuma ya mtu kuokota neno alilonyimwa. Inaluk naye hakupiga. Alikuwa na hasira yake, na kwa alivyojua yeye ilikuwa ya haki.

"Mashua ya mwisho saa ngapi?" Enok akauliza sasa, akiitazama kahawa.

"Saa nane na nusu."

"Safari njema."

Akaondoka. Moyo ulimwambia ageuke, shingo ikakataa.

Lakini mji wetu ni mdogo kwa watu wanaokimbiana. Saa sita Bolette alimwona Inaluk akipita ngazini kwenye mvua. Siku kama hiyo mtu hapiti mlango uliofunguliwa.

"Wifi, unakwenda wapi? Ingia unywe kahawa."

"Mimi si wifi yako tena, Bolette."

"Basi ingia kama jirani. Viatu hapo."

Nyumba ilikuwa ya njano, mpya, ikinuka mbao na keki. Mtoto wa Bolette alisimama katikati, ushanga wa rangi zote mabegani, viatu vyeupe vya ngozi ya sili wa baharini, akijitazama asichoke. Inaluk alimpa zawadi ndogo aliyoitoa mfukoni, akakaa, akainua macho. Dirisha lilichukua ukuta mzima. Milima ya barafu ilikuwa imeegeshwa mle ndani kama fanicha.

"Dirisha hili nani amekukatia?"

"Enok. Msingi na kuta alisimamisha yeye. Oktoba akaja akaniambia, chukua, haina mwenyewe."

Inaluk akakiweka kikombe chini taratibu.

Wakati huohuo Enok aliingia, ameoga, amevaa anoraki, koti jeupe la kofia la sikukuu. Alipomwona Inaluk alitaka kurudi nje, lakini nyanya yake, Bibi Regine, alikuwa ameketi karibu na mlango na fimbo yake.

"Afadhali, mmekuja wote. Binti, mjukuu wangu alikukosea nini ukamkataa?"

"Bibi, tafadhali," akasema Enok.

"Nyamaza. Nina miaka themanini na moja, sina muda wa kuzunguka."

"Sikumkataa," akasema Inaluk. "Nilimkubali. Yeye ndiye hakupiga tena."

"Ulinikubali?" Sauti ya Enok ilikwaruza. "Nilishika simu mpaka sikio likauma. Hukusema kitu."

"Nilikujibu."

"Kwa neno gani?"

Inaluk akajigusa kipaji cha uso. Kwetu neno ndiyo halihitaji mdomo: unainua nyusi mara moja, imetosha, kama vile hapana inavyotosha kwa kukunja pua. Tunajibu hivyo kabla hatujajua kusema.

"Niliinua nyusi," akasema polepole.

"Kwenye simu," akasema Bibi.

"Kwenye simu."

Kisha Bibi akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, hata Bolette akampokonya kikombe.

"Msimcheke wifi yangu," Bolette akasema akijifuta machozi. "Hata mimi niliwahi kumjibu daktari hivyohivyo. Akanipigia tena kuuliza kama nimezirai."

Enok hakucheka. Alitoka, akasimama ngazini kwenye mvua. Mwaka mzima. Inaluk akamfuata, koti halijafungwa.

"Umenuna tena."

"Najichukia. Angekuwa mtu wa Denmark ningemsamehe kutojua. Mimi nimelelewa na nyusi hizo."

"Na mimi je? Nililala na simu mwezi mzima nikisema, akinipenda atapiga. Kumbe na mimi nina vidole."

"Nyumba nimeitoa, Inaluk. Siwezi kumtoa dada yangu na mtoto."

"Nani amekuambia nilipenda nyumba?"

Chini, mbwa walikuwa wakilia kwenye minyororo yao.

"Basi baki leo," Enok akasema.

"Sibaki. Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa Septemba. Nikivunja neno nililowapa wale, langu kwako utaliaminije?"

Lilimuuma, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Uliza tena, Enok."

"Mimi siulizi jambo mara mbili."

"Nami nilijibu mara moja. Ona tulipofika."

Inaluk akashuka ngazi peke yake.

Saa nane na nusu gati lilijaa majaketi ya kuokolea. Inaluk alikuwa akiwaingiza wageni wa mwisho mashuani alipoiona anoraki nyeupe ikija mbio, imelowa, imemgandama mwilini. Enok akasimama mbele ya watu wote. Akakimeza kiburi chake chote.

"Nitajenga tena. Utakuja tuishi?"

"Ndiyo," akasema Inaluk kwa lugha yetu. Akarudia kwa Kidenmaki. Akarudia kwa Kiingereza, kwa sauti ya kutangazia ratiba, na mzee wa mwavuli akauliza kama hayo yalikuwa sehemu ya matembezi.

"Hapana, mzee," akamjibu. "Haya ni yangu."

Mashua ikaondoka. Enok hakukaa kupunga mkono. Alipanda mlima moja kwa moja mpaka ofisi ya manispaa, inayofungwa saa tisa. Kwetu ardhi haina mwenyewe. Unaomba kipande cha mwamba, unapewa ujenge. Karani Severin alikuwa amekwisha vaa koti.

"Njoo kesho."

"Leo."

"Wewe si tulikupa mwamba ukaugawa?"

"Niliugawa. Naomba mwingine."

"Umebaki ule juu ya tangi la maji. Ni mkali, hata mbwa huteleza."

"Andika."

Severin akashusha pumzi, akatafuta kalamu. "Jina lako tu?"

"Mawili. La Inaluk litangulie."

Kalamu ikasimama hewani. "Huyu wa melini? Amekubali?"

"Kwa lugha tatu," akasema Enok, na maji ya mvua yakamdondoka kwenye nywele, yakaloanisha fomu.