Vifurushi Vilivyong'atwa

Katika chumba cha mitambo cha hospitali moja ya Tainan, taa ya tundu la mtandao ambalo halikuwa na waya ilikuwa inawaka. Yuchen, fundi wa mtandao, aliiona wakati wa chai ya asubuhi, akadhani tundu limeharibika.

Kabla hajamaliza chai, simu ililia kutoka wodi ya moyo. Kwenye skrini ya wauguzi mapigo ya wagonjwa yalikuwa yanakatika: mstari unapanda, unapotea, kisha unaanza upya. Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa baba yake Yuchen, aliyepasuliwa juzi.

Yuchen alijua pa kuanzia. Habari husafiri mtandaoni katika vifurushi, na kifurushi kisichofikia urefu uliowekwa hutupwa njiani. Hakuna mtambo unaokijali. Asubuhi hiyo vifurushi vifupi vilikuwa vinamiminika. Akabadilisha waya. Akahakikisha mitambo ya pande zote mbili imepangwa sawa, isije mmoja ukasema huku mwenzake nao unasema. Akabadilisha kadi ya mtandao. Vikazidi.

"Dada Chen," Ahong, fundi mwenzake, alinong'ona, akimwita Yuchen kwa kifupi kama kawaida yake. "Unasikia?"

Nyuma ya mvumo wa feni kitu kilikuwa kinatafuna. Kilitafuna kikavu, bila haraka, kama mtu anayekula biskuti za chumvi. Chumba kile cha baridi kikaanza kunuka udi.

"Ni ndugu wema hao," Ahong alisema. Katika mwezi wa saba wa kalenda ya mwandamo, wasioonekana wanaporuhusiwa kuja duniani kula, hakuna anayewaita kwa jina lao.

"Majini!" sauti ilidakia mlangoni. Alikuwa Meneja Kuo, mtu aliyeamini kwamba kudharau ndiko kuelimika. "Yaiteni kwa jina, yasikie. Badilisheni waya."

"Tumebadilisha, Bosi."

"Basi badilisheni akili."

Yuchen alinasa vifurushi vichache, akavifungua kwenye kompyuta. Kila kimoja kilianza vizuri: namba ya kitanda cha baba yake, jina lake, pigo la moyo. Kisha, katikati ya pigo, basi. Wala havikuishia mahali pamoja.

"Vimeng'atwa," alisema polepole. "Bosi, meza yao ya sadaka ya jana uliiandaa wewe. Uliweka nini?"

Kuo alicheka. "Biskuti, kama kila mwaka. Ila nilifungua pakiti, nikatoa nusu, nikazibandika tena. Majini yana tumbo? Nusu nilikula na chai. Tamu kweli."

Ahong alijiziba mdomo. Chakula cha sadaka huliwa na watu, ndiyo, lakini baada ya wenyewe kushiba. Hata mwizi wa Tainan asingethubutu kuwatangulia.

Simu ikalia tena. "Sioni chochote!" mkuu wa wauguzi alisema. "Nawashika mikono kuhesabu mapigo, lakini wagonjwa ni kumi na mmoja, na baba yako anabadilika rangi!"

Wakamwita Liao, mganga wa hekalu la mtaani, akaja na kandambili, mdomo mwekundu kwa tambuu. Akaagiza Kuo aweke pakiti mpya, nzima. Kuo akazibwaga sakafuni. "Haya, kuleni, ombaomba nyie."

Liao akatoa vipande viwili vya mti, kila kimoja kama mwezi mchanga, bapa upande mmoja, vya kurusha chini na kuwauliza wasioonekana. Vikianguka kimoja bapa juu na kingine bapa chini, wamekubali. Vyote bapa juu, wanacheka.

"Mmeridhika?" aliuliza, akavirusha. Vikacheka.

"Mnataka zaidi?" Vikacheka tena, na mara ile kutafuna kukakoma, na kutoka ndani ya kila kabati, juu na chini, mbele yao na nyuma yao, kukatoka cheko dogo la puani, cheko la mtu mzima anayemsikiliza mtoto akidanganya vibaya, likazunguka chumba taratibu mpaka Ahong akachuchumaa na kuficha uso, na kwenye kompyuta mstari wa baba yake Yuchen ukabaki vinundu viwili tu, kisha kimoja.

Yuchen alijua la kuuliza. Alijua pia kilipo kitu chenyewe: tumboni mwa mtu.

"Mnataka kile mlichonyang'anywa?" aliuliza kwa sauti ndogo, bila kumtazama Kuo.

Kimoja juu, kimoja chini.

Vifurushi vifupi vikakoma. Mstari wa baba yake ukarudi mzima, pigo kwa pigo, na simuni mkuu wa wauguzi akawa analia na kucheka kwa pamoja.

"Upuuzi mtupu," Kuo alisema. "Mimi nina..."

Akajishika mdomo, akashangaa. "Nyie hamja..." Akajaribu tena. "Kesho nita..." Maneno yalitoka na mwanzo tu, na kila yalipokatika kitu kilitafuna tumboni mwake, kikavu, bila haraka. Akamshika Yuchen bega, macho yamemtoka.

"Dada Chen," alisema, yeye ambaye hakuwahi kumwita mtu dada. "Nisai..."

Yuchen alimngoja kidogo amalizie.

"Sema vizuri, Bosi," alimwambia, akiinama kukusanya waya. "Hatukusikii."