Chungu cha Saba Bwawani kwa Zipora

Jua lilikuwa limeiegemea nyika ya Same Zipora alipopandisha kanga hadi magotini, akaingia bwawani kuondoa majani yaliyooza. Ilikuwa kazi yake ya kila jioni. Jani la yungiyungi likiachwa lioze, maji hunuka na mizizi hufa.

Bwawa lile alilichimba mumewe, Aminieli, nyuma ya nyumba yao mlimani. Miche aliitoa Ziwa Jipe, akaipandisha mlima kichwani, imefungwa kwa matope na majani ya mgomba. Wakaipanda wote wawili katika vyungu sita, kila chungu na jiwe lake juu ili mizizi isielee. Kisha Mwingereza akataka askari. Aminieli akapelekwa Burma. Hakurudi. Ilirudi barua tu.

Tangu hapo shemeji yake, Melkizedeki, alikuwa na wimbo mmoja.

"Fukia dimbwi hilo, shemeji. Nipande kahawa. Maua hayo ni viti vya mizimu."

"Mizimu ikitaka viti, na ikae," Zipora alimjibu Jumapili ile, mbele ya watu waliokuwa wakitoka kanisani. "Mimi sifukii."

Melkizedeki alicheka bila kuonyesha meno. "Basi utaitwa."

Sasa ilikuwa Alhamisi. Zipora aliinama, akanyoosha mkono, akausitisha.

Mayungiyungi ya buluu hufumba alasiri. Jioni ile yalikuwa wazi.

Yote.

Vyura walikuwa kimya. Harufu ikapanda kutoka majini... ugoro. Ugoro uliochanganywa na magadi, kama wa Aminieli.

"Zipora..."

Sauti ilikuwa yake. Ile ile, nzito, yenye mkwaruzo.

"Zipora... nipe mkono. Huku kuna baridi."

Miaka miwili alikuwa ameililia sauti ile. Machozi yalimtoka kabla hajajua. Mkono wake ulikuwa tayari umegusa maji alipokumbuka jambo. Tangu azaliwe binti yao Eliaichi, Aminieli hakuwahi kumwita Zipora. Alimwita Mama Eliaichi, hata siku ya ugomvi.

"Jina langu la nyumbani ni lipi?" akanong'ona.

"Zipora..."

Vidole vikamshika kifundo cha mguu. Vitano. Vya baridi.

Hakupiga kelele. Kitu kilichompanda kifuani hakikuwa hofu tena.

"Mume nimenyang'anywa na vita," alisema kwa meno yaliyobana. "Bwawa huninyang'anyi wewe!"

Akazamisha mkono hadi begani, akapapasa matopeni. Chungu cha kwanza. Cha pili. Vidole vile kifundoni vikazidi kukaza, maji yakamfika kifuani. Cha tano. Cha sita.

Cha saba.

Akakikumbatia, akakivuta. Kikamvuta na yeye. Akavuta tena huku akikohoa maji, akakitupa kwa nguvu zake zote juu ya jiwe la ukingoni.

Kikapasuka.

Kutoka nyumbani kwa Melkizedeki, kule bondeni, ukasikika ukelele. Ukakatika katikati.

Miongoni mwa vigae Zipora aliona nywele na kipande cha kitambaa cha kaki kilichozungukwa na mzizi. Alikigeuza. Kilikuwa na kiraka alichokishona kwa mkono wake kwenye kaptura, asubuhi Aminieli alipoondoka. Kaptura hiyo aliivaa kwenda kupanda gari la moshi Same.

Alfajiri alikuja Honorata, mke wa Melkizedeki, bila kilemba.

"Dada, Baba Asheri hasemi. Mdomo unafunguka, sauti haitoki. Umemfanya nini?"

"Muulize yeye kaweka nini bwawani kwangu."

"Nimemwuliza. Anatikisa kichwa tu. Halafu analia."

Mchana wakaja wazee wa ukoo na vikapu vya udongo kulifukia bwawa. Zipora aliwaamkia kwa heshima, shikamooni, kisha akasimama ukingoni na kile kitambaa mkononi.

"Atakayemwaga kikapu cha kwanza anieleze hiki kimerudije," alisema. "Mwenyewe amezikwa Burma. Na mzizi uliokizunguka ni wa miaka, si wa wiki hii. Nani alikiweka, na lini?"

Wazee walitazamana. Mmoja mmoja walijitwika vikapu vyao, wakashuka.

Zipora aliuosha mguu wake kwa majivu, kisha kwa ndimu. Alama tano hazikutoka. Usiku huo hakulala, na kulipokucha alichukua jembe, akaanza kulipanua bwawa kuelekea upande ule ule Melkizedeki alioutaka kwa kahawa.

Honorata alimkuta akichimba. Alisimama mbali kidogo, mikono kifuani.

"Huogopi?"

"Naogopa sana," Zipora alisema bila kuinua kichwa. "Jembe jingine lile pale."

Honorata alisita. Aligeuka, akatazama chini nyumbani kwake, kwenye ule ukimya. Kisha akafunga kanga kiunoni, akaliokota jembe. Wakachimba wawili hadi jua likawa la utosi. Na kila jembe lilipogota kitu kigumu chini ya udongo, jiwe au chungu kingine, walisimama, wakatazamana, halafu wakaendelea.