Aproni ya Mwalimu wa Hesabu

Kengele ya shule ililia mara tatu, haraka haraka, na mwalimu wa hesabu akauacha mlinganyo ubaoni nusu nusu, akatoka mbio. Kengele moja ndefu maana yake kipindi kimekwisha. Kengele tatu fupi maana yake wakaguzi wa vibali vya kazi wako getini, na kila mwalimu mgeni ajue pa kwenda. Mwalimu wa fizikia alichukua mpira akaanza kumwagilia maua, ingawa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi hiyo hiyo. Mwalimu wa hesabu nafasi yake ilikuwa jikoni. Alivua tai akaitia mfukoni, akavaa aproni iliyoning'inia kwenye msumari, akashika kisu.

Mtu mzima na digrii yake, kukimbia kengele kama mtoto mtoro! Lakini angefanyaje? Mkurugenzi wa shule alimpigia simu akiwa kwao, ng'ambo ya mpaka, akamwambia, "Njoo upesi, kibali utakikuta mezani." Alifika, meza akaikuta, kibali hakukikuta. Pasipoti yake ilichukuliwa ikagongwe muhuri, nayo ikalala kwenye droo ya mkurugenzi. Kila akiuliza aliambiwa kesho. Alikuwa amepigwa danadana mwaka mzima, na sasa anamenya vitunguu.

Jikoni kulikuwa na vurugu za saa ya chakula, masufuria yanatokota, wapishi wanapigiana kelele, mvuke umetanda hadi darini. Katikati ya mvuke ule akaingia dada mmoja mrefu, gauni la kijani limemkaa barabara, tepu ya kupimia shingoni, mikononi rundo la masweta ya shule limemfika kidevuni.

"Jamani, stoo iko wapi?" aliuliza. Kisha macho yakamwangukia mwalimu. "Na wewe kaka, hicho kitunguu kimekukosea nini?"

"Nakimenya."

"Unakimenya? Mbona unakichonga kama penseli!"

Wapishi waliangua kicheko. Hapo hapo kichwa cha mkaguzi kikachungulia mlangoni. Wakaguzi walikuwa na kawaida ya kukagua madarasa na ofisi; jikoni walipita tu.

"Na huyu?" mkaguzi aliuliza, kidole kikimwelekea mwalimu.

Mwalimu aliinamia kitunguu chake. Yule dada akamjibia. "Mpishi mpya huyo, afande. Watoto wa watu leo wana kazi!"

Mkaguzi alicheka, mvuke ukampalia, akakohoa na kwenda zake. Mwalimu alishusha pumzi ndefu.

"Mbona umelowa jasho hivyo?" dada alimuuliza. "Na hiyo aproni alishonewa nani? Inakubana kama deni. Simama wima nikupime, nitakuletea inayokufaa."

Akaweka masweta chini, akavua tepu. Alimpima mabega, akampima kifua, akampima mkono kuanzia begani hadi kwenye kifundo. Alinukia sabuni na nguo iliyotoka kupigwa pasi. Mwalimu alisimama kama mlingoti.

"Pumua, kaka."

"Napumua."

"Hupumui. Nimeshika kifua chako, nakwambia hupumui."

"Huandiki vipimo?"

"Mimi? Mtu nikishampima hanitoki kichwani," alisema, akamtupia jicho la pembeni. "Nipe namba yako, aproni ikiwa tayari nikuite."

Aproni ilikuwa tayari siku ya pili yake, lakini simu hazikuisha.

"Haloo, Mpishi."

"Haloo, Fundi."

"Leo umeunguza nini?"

"Leo sijaunguza kitu."

"Basi leo hukupika."

Jamaa alikuwa akicheka peke yake chumbani mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Kila Jumamosi alikwenda kwenye chumba cha ushonaji cha Fundi, kilichobanwa kati ya duka la viatu na kibanda cha kutengeneza simu. Alikaa kwenye kigoda, akiokota pini sakafuni kwa sumaku, huku cherehani ikiunguruma na Fundi akiongea bila kuinua macho. Alimpenda. Alimpenda alivyokata uzi kwa meno, alivyowakemea wateja wakorofi na bado wakarudi.

Kwa nini hakumwambia ukweli? Mkurugenzi alikuwa amewaonya walimu wageni, "Mmoja akifungua mdomo, wote mnarudi makwenu." Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Sababu nyingine ni kwamba jina la Mpishi lilikuwa tamu mno likitoka kwenye kinywa kile.

Ila siku moja Fundi alisimamisha cherehani ghafla. "Unajua baba yangu alikuwa na nyumba ya pili? Mitaa miwili tu kutoka kwetu. Tuliijua siku ya mazishi yake, wenzetu walipokuja kulia na sisi. Tangu hapo, mpenzi, mtu wa kufichaficha simtaki hata awe malaika."

Hapo ndipo mwalimu angesema. Badala yake akainama akaokota pini ambayo haikuwepo.

Wiki iliyofuata simu ikaja na balaa lake.

"Mpishi wangu, Jumapili Mama anataka kukuona."

"Nitakuja, tena kwa furaha."

"Nimemwambia utatupikia."

Mwalimu aliiondoa simu sikioni, akaitazama.

"Haloo? Mpishi? Umekata?"

"Nipo," alisema, kwa sauti ya mtu aliyesomewa hukumu.

Jumapili alifika na shati jeupe lililopigwa pasi na aproni yake mpya mkononi. Mama mtu, mama mnene mchangamfu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimkaribisha kwa mikono miwili, akamwonyesha jiko. Mwalimu alipiga moyo konde. Alipima mchele kwa kikombe, maji akayakadiria kwa hesabu aliyoiamini kabisa. Wali ule ulipopakuliwa, chini ulikuwa umeungua, juu mbichi, na katikati umekuwa uji. Hata majirani watatu wagomvi wasingefarakana vile.

Mama alitafuna kijiko kimoja taratibu. "Mwanangu," alisema, "ni watoto wangapi wanakula chakula chako?"

"Mama!" Fundi alijizuia kucheka, machozi yakamtoka.

Wote watatu wakaishia kucheka, na labda mambo yangepita hivyo hivyo kwa amani. Lakini mlango ukabishwa, akaingia binti wa jirani kurudisha chujio. Alimwona mgeni, akapiga goti kwa adabu.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba," mwalimu aliitika kwa mazoea, halafu damu ikamkauka.

"Mwalimu nani?" Fundi aliuliza.

"Mwalimu wetu wa hesabu," binti alisema, anashangaa kuulizwa. "Ndiye anayetufundisha kila siku."

Binti aliondoka. Mama akakumbuka kuna nguo za kuanua uani, akatoka. Mwalimu alieleza yote: simu ya mkurugenzi, kibali cha kesho na kesho, pasipoti kwenye droo, kengele tatu. Fundi alisikiliza amesimama, mikono kifuani.

"Kwa hiyo mimi ni mkaguzi?" alisema hatimaye.

"Hapana, mpenzi, niliogopa tu."

"Usiniite mpenzi. Mkaguzi anapita siku moja anakwenda zake. Mimi umenivalia aproni kila Jumamosi! Nimekaa na wewe, nimekuambia habari za baba yangu, na wewe unaokota pini!"

"Nisamehe. Ningekwambia."

"Lini? Kesho?"

Neno hilo lilimchoma kuliko matusi. Alikuwa amelisikia mwaka mzima kwenye mdomo wa mkurugenzi, na sasa aliona kwamba naye amejifunza kulisema.

Fundi alifungua mlango. "Sina neno na mtu asiye na kibali. Karatasi hutafutwa. Mtu anayekimbilia jikoni kila kengele ikilia, huyo ndiye simwezi."

Mwalimu akaenda, aproni mkononi. Wiki ile alipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, akaambiwa haipatikani. Akala bila kujua anakula nini, akafundisha pembetatu na kuichora ina pembe nne, wanafunzi wakatazamana.

Kisha kengele ikalia mara tatu.

Alikuwa ubaoni. Miguu ilijua njia ya jikoni, ikataka kwenda yenyewe. Nje alimwona mwalimu wa fizikia akiuvuta mpira wa maji. Darasa zima lilimkodolea macho, na katikati ya macho yale yalikuwepo ya binti wa jirani. Akitoka, atabaki na kazi yake. Akikaa, huenda jioni hiyo akasukumwa mpakani na begi lake, na Fundi asimwone tena. Akageukia ubao.

"Tulikuwa wapi?" aliuliza.

"Kutafuta eksi, mwalimu," binti alijibu.

"Haya, tuitafute."

Mkaguzi safari hii alikuwa mama mmoja wa makamo, suti ya kijivu, viatu visivyo na kelele. Alisimama nyuma ya darasa mpaka eksi ikapatikana. Ndipo akaomba vitambulisho.

"Mimi ni mwalimu wa hesabu," alisema mwalimu. "Kibali sina. Niliahidiwa, nikangoja, nikajificha. Sijifichi tena. Pasipoti yangu iko kwenye droo ya mkurugenzi."

Mkurugenzi, bwana wa tai nyekundu na marashi ya kukata pumzi, aliitwa. "Huyu? Huyu ni mpishi wetu!" alisema, akichekacheka.

"Mpishi?" Mama mkaguzi alitazama ubao uliojaa hesabu kuanzia juu hadi chini. "Basi tufungue hiyo droo, bwana, tuone umewahifadhia wapishi wako nini."

Pasipoti zilikuwemo, yake na za wenzake. Maombi ya kibali hayakuwa yamepelekwa popote. Mkurugenzi akabaki kujifuta jasho na kutafuta maneno, na siku hiyo hakusema kesho.

"Wewe umejitokeza mwenyewe, hutafungwa," mama mkaguzi alimwambia mwalimu walipobaki wawili. "Wenzako nao tutawasikiliza. Lakini kufundisha hapa bila kibali, basi. Tafuta mwajiri wa kweli akuombee. Maombi yakishapokelewa utatoka nchini, usubiri kwenu mpaka kibali kitoke. Ukimkosa mwajiri, utaondoka moja kwa moja."

Mwalimu wa fizikia alifunga mpira wa maji, akaja kumshika mkono. Alikuwa na hofu, na alikuwa akitabasamu.

Jioni ile simu iliita.

"Nimesikia kengele ililia," ilisema sauti aliyokuwa ameililia.

"Ililia."

"Binti kaja mbio kunieleza, hata viatu hakuvua. Ulikaa?"

"Nilikaa. Miguu ilitetemeka, lakini nilikaa."

Alimsikia akipenga kamasi. "Mjinga wewe," Fundi alisema. "Wangekupeleka mpakani hata hujaniaga?"

"Hukuwa unapokea simu."

"Ungepiga tena! Mwanaume mara mbili tu, ushachoka? Njoo hapa."

Alikwenda karibu kukimbia. Walisimama kwenye kile chumba kidogo kati ya viatu na simu, wakashikana, na mteja aliyekuja kuchukua sketi akarudi alikotoka.

Mama mtu alipopewa habari alipata jawabu papo hapo. "Si muoane tu wiki hii, apate karatasi, mambo yaishe?"

"Hapana, Mama," Fundi alisema. "Nisije nikalala siku moja nikijiuliza alinitaka mimi au karatasi."

"Na mimi sitaki ajiulize," mwalimu alisema.

"Haya, wenye kiburi chenu," Mama alisema, lakini aliridhika.

Fundi alikuwa akishonea sare shule nyingine, ya wasichana. Alimpeleka kwa mwalimu mkuu wake. "Mimi nakufikisha mlangoni," alimwambia. "Kufundisha utafundisha mwenyewe." Mwalimu alifundisha somo la majaribio, na mwalimu mkuu, mama wa maneno machache, akajaza maombi ya kibali mbele ya macho yake, akayapeleka mwenyewe, akamletea stakabadhi aishike kwa mkono wake.

Siku ya kuondoka, stendi ya mabasi ilijaa watu na mizigo. Fundi alikuja na gauni lile lile la kijani, kifurushi kwapani. Ndani mlikuwa na koti la bluu iliyokolea, mabega yamekaa, kifua kimekaa.

"Hukunipima," mwalimu alisema.

"Nilikupima jikoni. Sikukwambia hunitoki kichwani?"

Alilivaa, akajitazama kwenye kioo cha basi. "Mbona mkono huu wa kushoto umeushikiza kwa nyuzi mbili tatu tu? Utang'oka."

"Hapo pamebaki makusudi. Ukirudi nitaumalizia." Akamnyooshea kola. "Usiende kushonesha kwa fundi mwingine huko kwenu, nitajua."

Basi likapiga honi. Alimkumbatia kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto aliuonea huruma.

Huko kwao alisubiri. Simu zilikwenda na kurudi; kuna siku walicheka, kuna siku walilia, kuna siku Fundi aliuliza tu, "Bado?" naye akajibu, "Bado, mpenzi," lakini hakusema kesho. Dada yake alijitolea kuushona ule mkono, akamkatalia mpaka akaitwa kichaa.

Asubuhi moja ya jua kali Fundi alikuwa ameinamia cherehani, kivuli kikasimama mlangoni. Alimwona mtu aliyevaa koti la bluu katika joto lile, mkono mmoja umening'inia kwa nyuzi mbili tatu, uso umejaa vumbi la safari na meno yote nje.

"Kiko wapi?" Fundi aliuliza, hana hata salamu.

Alimpa. Fundi alikisoma kibali kile kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaipapasa picha kwa kidole gumba. Palipoandikwa kazi, paliandikwa mwalimu. Alikirudisha taratibu, akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa.

"Vua koti."

Alivua. Fundi alikaa, akatunga uzi kwenye sindano, akaanza kuushona mkono wa kushoto. Mwalimu hakukaa kwenye kigoda chake. Alipiga goti sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa.

"Fundi," alisema. "Sasa sina ninachohitaji kwa mtu yeyote isipokuwa wewe mwenyewe. Utakubali nikuoe?"

Sindano ilipita mara moja, ikapita ya pili, ikafunga fundo. Fundi akainama, akakata uzi kwa meno.

"Nakubali," alisema, akimvalisha koti lake zima. "Lakini nina sharti."

"Lolote."

"Nyumbani kwangu, jikoni huingii."