Uzi wa Mkono wa Taotao

Asubuhi, Suqin alipomfungua mwanawe nguo alizoviringishwa ili amnyonyeshe, alikuta udongo mweusi katikati ya vidole vya miguu. Taotao alikuwa bado hajui hata kutambaa. Alinuka majani yaliyooza, na mkononi uzi wake mwekundu haukuwepo, ule ambao Suqin aliusokota pamoja na unywele wake mmoja ili mtoto asipotee.

"Baba Taotao, uzi uko wapi?"

"Si umekatika tu," alijibu Chengkui, mumewe, bila kugeuka. Jana alfajiri alikwenda mlimani kuchimba mizizi ya dawa, jioni akarudi, na kabla hajavua viatu alimmenyea mkewe yai la moto, akalipuliza lipoe. Kwa mambo madogo kama hayo Suqin alimwamini.

Mtoto hakulia, wala hakunyonya, na mwili ukazidi kupoa. Jirani yao, Bibi Guan, alileta uji mtamu, akamshika Taotao mguu, akaunusa ule udongo. Ndipo wakasikia, nyuma ya mtungi wa kabichi chachu, kitu kikikwaruza, kisha kikinyonya, polepole, kama mtoto anyonyavyo usingizini, na kifuani pa Suqin maziwa yakaanza kumwagika yenyewe, yakilowesha nguo, yakidondoka sakafuni.

Alisogeza mtungi. Ndani ya gome la mti, juu ya majani mabichi ya msituni, ulilala mzizi wa ginseng, dawa ya bei ghali, wenye mikono na miguu kama mtu, umelowa maziwa, na shingoni umefungwa uzi wa Taotao.

"Mzizi wa porini hufungwa uzi mwekundu usikimbie," alinong'ona Bibi Guan. "Lakini uzi wa mtoto, Chengkui? Jini la mzizi litamfuata mwenye uzi!"

"Uzi wangu wa kufungia ulianguka mtoni, bibi."

"Na wa mwanangu ulifikaje mlimani?" aliuliza Suqin.

Chengkui aliinamisha kichwa. "Wanasema uzi wa mtoto hushika zaidi."

"Kichwa kikubwa hivyo, kumbe boga tupu!" alifoka Bibi Guan. "Urudishe mzizi shimoni ulikoutoa. Fundo ulifungue kwa mkono ule ule uliolifunga, jua halijazama."

Chengkui alilia, akabusu mguu wa mtoto, akaapa kwamba ataurudisha. Suqin alimfungia hata mkate wa njiani.

Jua lilipokuwa linazama alirudi na uzi, akamfunga Taotao taratibu. "Nimeurudisha, mama Taotao. Tazama." Mtoto akafumbua macho. Suqin alimshika mumewe mkono, machozi yakimtoka kwa shukrani, na kwa mkono wa pili akawa anaupapasa ule uzi, mbele na nyuma, akiutafuta unywele wake, akarudia tena, lakini uzi ulikuwa laini, mpya, wa dukani.

"Baba Taotao," alinong'ona, "umeuuza mzizi pamoja na uzi wake. Mwanangu umemuuza kwa nani?"

Mbali, kwenye barabara ya mjini, mtoto alilia kwa sauti ya Taotao. Aliyekuwa mapajani pa Suqin alitabasamu, na mdomo wake ulikuwa umejaa udongo.