Cherehani Aliyoahidiwa Mama Vifungo

Kila siku akitoka shule, Karani alipitia kwenye karakana ya baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Alitundika mkoba nyuma ya mlango, akanawa mikono asije akachafua mashati, kisha akachukua chaki. Karani halikuwa jina lake. Mafundi walimpa jina hilo kwa sababu ndiye aliyeandika ubaoni idadi ya mashati ambayo kila mmoja amemaliza, na binti huyo wa miaka kumi na miwili aliubeba wadhifa huo kwa uzito zaidi kuliko mwalimu mkuu.

Karakana ilishona sare za shule. Mmoja alikata vitambaa, wengine walishona kola na mikono, na kwenye benchi la dirishani aliketi Mama Vifungo. Kwa miaka sita mama huyo alikuwa akishona vifungo kwa mkono, vifungo tu, asubuhi mpaka jioni. Alikuwa mcheshi. Alipenda kusema kwamba siku hizi hata ndoto zake zina matundu manne.

Mwanzoni mwa muhula baba aliwakusanya mafundi wote. Aliwaambia kuwa karakana itanunua cherehani ya kudarizi nembo za shule, na kwamba atakayefikia lengo lake kila siku kwa wiki nne, bila shati kurudishwa, ndiye atakayefundishwa kuitumia na kukabidhiwa. Kwa upande wa vifungo, lengo lilikuwa mashati ishirini na tano kwa siku. Karani akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa.

Jioni hiyo Mama Vifungo alimvuta pembeni.

"Karani mwanangu, niambie ukweli. Baba yako huyu, akiahidi hutimiza?"

"Baba akisema, amesema," Karani akajibu, bila hata kufikiri.

Basi Mama Vifungo akachapa kazi. Siku alipojidunga sindano kwenye kidole gumba, alikifunga kitambaa akaendelea. Karani ndiye aliyekagua: alivuta kila kifungo mara mbili, na hakukuta hata kimoja kilicholegea. Wiki nne zilipokwisha, wengine wote walikuwa wamekosa lengo siku moja au mbili. Mstari wa Mama Vifungo ubaoni haukuwa na pengo.

Cherehani ililetwa Ijumaa. Karani alikimbia kutoka shule bila kuwangoja wenzake. Alipoingia, mafundi walikuwa wamesimama, na kwenye kiti cha cherehani mpya alikaa baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ambaye hakuwa na kazi tangu aache udereva. Baba alikuwa akisema kuwa mafundi wote wamejitahidi sana, tena sana, ila kwa sasa ameona ndugu yake aanze na cherehani; wengine watafikiriwa baadaye.

Mama Vifungo alipiga makofi pamoja na wenzake. Kisha akarudi kwenye benchi lake, akatunga uzi kwenye sindano. Karani alimwendea, akasimama mbele ya dirisha.

"Nipishe mwanga, mtoto wa bosi," Mama Vifungo alisema taratibu, bila ukali.

Hakuwahi kumwita hivyo. Karani alitembea hadi nyumbani huku analia, wala hakujali nani anamwona. Baba alikuwa amemsaliti Mama Vifungo, na yeye Karani ndiye aliyemdhamini.

Tangu siku hiyo karakana ilipoa. Hakuna aliyegoma wala kutukana. Watu walifika saa ya kufika, wakaondoka saa ya kuondoka, na katikati ilikuwa bora liende. Mama Vifungo alimaliza mashati kumi na tano, siku nyingine kumi na mawili. Baba mdogo naye alivunja sindano kila siku, na nembo zake zilikaa upande. Wiki ya pili mwalimu mkuu wa shule moja alirudisha gunia zima la mashati, kwa kuwa vifungo vilikuwa vikidondoka watoto wakikimbia.

Baba akaja na dawa yake. Alimpa Karani chaki, akamwambia aandike kwamba fundi bora wa mwezi ujao atapata zawadi nono.

Karani aliiweka chaki mezani.

"Siandiki, Baba."

"Unasemaje?"

"Mama Vifungo aliniuliza kama ukiahidi hutimiza. Nikamwambia ndiyo. Ukitaka kuwaahidi tena, andika mwenyewe. Mimi nimeshawadanganya mara moja."

Mafundi wote waligeuka. Baba alikunja uso, na Karani akajua leo hasalimiki. Lakini baba alivuta kiti akaketi, akautazama ubaoni ule mstari wa Mama Vifungo wa wiki nne ambao binti yake alikuwa amekataa kuufuta. Kisha akaeleza kwa sauti ya chini kuwa mama yake mzazi ndiye aliyemwomba amsaidie mdogo wake, naye akaona haya kumkatalia.

"Nikaona ni rahisi kumkosea asiye ndugu," alisema, akimgeukia Mama Vifungo. "Nisamehe, mama. Cherehani ni yako, uliipata kwa jasho lako."

Mama Vifungo hakurukaruka kwa furaha. Alisema ameipokea samahani, ila kidonda hakiponi siku kinapofungwa. Aliomba pia baba mdogo asifukuzwe. Akae pale dirishani ajifunze vifungo, na baada ya miezi mitatu abadilishiwe kazi, na wengine vilevile, maana mtu akifanya jambo lilelile miaka sita hata akili huota kutu. Baba mdogo alisema ni afadhali, kwani ile mashine ilikuwa ikimtisha tangu siku ya kwanza. Watu wakacheka.

Walipobaki wawili, baba alimwambia binti yake, "Nilidhani zawadi ndiyo inayomsukuma mfanyakazi. Kumbe ni imani kwamba akifika ataikuta. Lengo na zawadi havina maana kwa bosi asiyetimiza neno lake. Ulilolifanya leo, lifanye hata ukiwa mkubwa."

Kwa siku kadhaa Mama Vifungo alimsalimia Karani kwa adabu tu, naye hakulalamika. Aliandika idadi, akavuta vifungo vya baba mdogo, na vilivyolegea akamrudishia. Alhamisi jioni cherehani ya kudarizi ilinyamaza. Mama Vifungo aliinua mfuko wa shati wenye nembo yake ya kwanza iliyonyooka, akageuka kuelekea ubaoni.

"Karani," aliita, "njoo uivute."